Kibodi za Simu na Siri za Watu

Katika Visiwa vyetu hivi, sehemu kubwa ya kazi za serikali na za nyumbani siku hizi hupita katika simu ya mkononi. Sheha huwaarifu watu wa shehia yake kwa WhatsApp, daktari humwuliza mwenzake juu ya mgonjwa, mwenye duka Darajani hulipia mzigo kwa namba yake ya siri, na ofisa wa wizara hurekebisha rasimu ya barua akiwa ndani ya boti baina ya Unguja na Dar es Salaam. Aghalabu wote hao wameshasikia kwamba ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa kufuli ambalo hata kampuni yenyewe haina ufunguo wake. Hilo ni kweli. Lakini ujumbe, kabla haujafungwa, huandikwa. Na kinachoandikia ni programu inayojitegemea, iitwayo kibodi, ambayo huona kila herufi kabla ya kufuli kufikiwa.

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha, na sisi tunaona wakati umefika lizungumzwe. Watu hudhani kwamba kibodi ni sehemu ya simu kama kilivyo kioo chake. Sivyo. Ni programu kama nyingine, imetengenezwa na mtu fulani au kampuni fulani, na inaweza kuondolewa ikawekwa nyingine. Namba ya siri ya kutumia fedha kwa simu hupita humo. Neno la siri la barua pepe ya ofisi hupita humo pia, hata pale herufi zinapogeuzwa nukta kiooni, kwani nukta ni za kumficha mtu anayechungulia begani, si za kuificha kibodi. Simu za Android zenyewe humwonya mwenye kuwasha kibodi mpya kwamba huenda ikakusanya yote atakayoandika, pamoja na maneno ya siri na namba za kadi. Onyo hilo wengi hulibonyeza bila ya kulisoma.

Wala hii si hofu ya kubuni. Mnamo Julai 2016, SwiftKey, kibodi iliyoanzia London na kununuliwa na Microsoft mwaka huohuo, ililazimika kusimamisha huduma yake ya kuoanisha maneno baina ya simu na simu, baada ya baadhi ya watu kuona wakipendekezewa anwani za barua pepe na maneno ya watu wasiowajua. Desemba 2017 iligundulika kwamba kampuni ya Israel yenye kibodi iitwayo ai.type iliacha ghala lake la taarifa wazi katika intaneti bila ya neno la siri. Humo mlikuwa na taarifa za watu zaidi ya milioni 31, na orodha za majina na namba walizokuwa wamezihifadhi simuni. Yaani mtu ambaye hakuwahi kuiweka kibodi hiyo alikutwa humo, kwa kosa la kuwa rafiki wa aliyeiweka. Na Aprili 2024, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walieleza kwamba walichunguza kibodi za Kichina za kampuni tisa, zikiwamo Samsung, Xiaomi, OPPO na Vivo, na kukuta nane kati yake zina kasoro iliyomwezesha mtu wa njiani kusoma yanayoandikwa. Kasoro hizo zilihusu uandishi wa Kichina, ambao hupeleka herufi kwenye seva ya mbali ili kutafutiwa maneno, na nyingi zilirekebishwa baadaye. Hata hivyo majina ya kampuni hizo ni majina ya simu zilizomo mifukoni mwetu, na funzo lake halina lugha: kinachotoka simuni kinaweza kudakwa njiani.

Tuseme haki. Kampuni kubwa si zote zinazopokea kila tunachoandika. Google imeeleza tangu mwaka 2017 kwamba kibodi yake ya Gboard hujifunza ndani ya simu yenyewe, na kinachopelekwa kwao ni matokeo ya mafunzo hayo, si maneno ya mtu. Huenda ndivyo ilivyo. Shida ni kwamba mwananchi wa Wete au Makunduchi hana namna ya kuhakikisha, kwa kuwa maandishi ya programu hiyo yamefungwa. Anatakiwa aamini tu.

Hapo ndipo zinapoingia programu huria, ambazo maandishi yake yamewekwa hadharani ili mwenye ujuzi ayasome, ayakosoe na akitaka ayarekebishe. Miongoni mwa kibodi za namna hiyo, ile tunayoiona inafaa zaidi kwa sasa ni HeliBoard. Imetokana na OpenBoard, ambayo nayo ilijengwa juu ya kibodi ya asili ya Android. Hupatikana katika F-Droid, ghala la programu huria lililoanzishwa mwaka 2010, na leseni yake humtaka kila anayeibadilisha na kuigawa atoe pia maandishi yake. Lakini sifa iliyotuvutia kuliko zote ni kwamba haiombi kabisa ruhusa ya kutumia intaneti. Programu isiyo na ruhusa hiyo haiwezi yenyewe kufungua njia ya kupeleka herufi zako kwenye seva yoyote, hata kama mtengenezaji wake angeamka siku moja na nia mbaya. Ruhusa hiyo, kwa kawaida, Android haimwulizi mwenye simu, huitoa kimyakimya. Kwa hiyo ni lazima mtu asome orodha ya ruhusa katika ukurasa wa programu kabla ya kuiweka.

Wenye iPhone wana nafuu kidogo. Tangu Apple iliporuhusu kibodi za wengine mwaka 2014, kibodi ngeni haipati intaneti mpaka mwenye simu airuhusu kwa hiari yake, na penye neno la siri simu hurejea kwenye kibodi yake yenyewe.

Hatusemi kwamba uhuria peke yake unatosha. OpenBoard yenyewe iliachwa bila ya matengenezo. Mwishoni mwa 2023 mkusanyo wa programu huria za Simple Mobile Tools, uliokuwa na kibodi ndani yake, uliuzwa kwa kampuni, na waliokuwa wakiupenda wakalazimika kuchukua maandishi yake na kuanzisha Fossify. Ipo pia FUTO, kibodi nzuri yenye kuandika kwa sauti bila ya intaneti, ambayo maandishi yake yanaonekana lakini leseni yake inazuia matumizi ya biashara. Hiyo haistahili kuitwa huria. Na anayependa kuandika kwa kuburuza kidole atakuta HeliBoard haina uwezo huo mpaka aipachike maktaba iliyofungwa ya watu wengine. Sisi tungemshauri abonyeze herufi mojamoja.

Liko na suala la lugha, na hili linatuhusu kuliko wengine. Kibodi yenye kamusi ya Kiingereza tu humharibia mtu Kiswahili chake: huvunja maneno, hukwama kwenye ng', na mwisho kijana huona ni rahisi kuandika kwa lugha nyingine. Kibodi huria hukubali kupachikwa faili la kamusi. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa, wanao wataalamu wa kuandaa orodha ya maneno iliyo safi na kuitoa bure kwa watu wote, bila ya kuomba idhini ya kampuni yoyote. Wazee wetu wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wasisahauliwe. Che, pe, ga na ve zao nazo zataka mahali pake.

Kwa upande wa Serikali, Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inahifadhi faragha ya mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisa anayeandika jina la mgonjwa au la mlalamikaji kwa kibodi asiyoijua anazichezea taarifa zisizo zake. Hapana budi wizara zenye dhamana zitoe mwongozo kwamba simu zote zinazonunuliwa kwa fedha za umma ziwekwe kibodi isiyo na ruhusa ya intaneti, zile zilizokuja na simu zizimwe katika mipangilio, na fundi wa kila idara afundishwe kazi hiyo, ambayo haizidi dakika kumi kwa simu moja. Gharama ya programu ni sifuri, na hakuna zabuni ya kutangazwa. Tungependa kuona mwongozo huo kabla ya bajeti ijayo.