Yatima wa Mlimani Ana Kwao

Kuna sifa ambayo hapa Moshi hakuna anayeipinga. Familia ya wamishonari ina shamba, nyumba kubwa na ng'ombe wa maziwa. Inawapokea vijana wa miaka 14 au 16 waliofiwa na wazazi, inakula nao meza moja, inasali nao, inawapeleka shule. Sisi tunatikisa vichwa kwa shukrani na kusema: watoto wale hawakuwa na kwao, sasa wamepata kwao.

Ukarimu wa familia hiyo siugusi. Ninachokataa ni hilo la kwamba hawakuwa na kwao. Ni uongo, na una wanaofaidika nao.

Kijana wa Uru, Kibosho au Mwika, huku mlimani Kilimanjaro, hakuzaliwa hewani. Baba yake alikuwa na kihamba: migomba, kahawa, zizi na makaburi ya wazee. Kwa mila ya Wachagga, kitindamimba wa kiume hurithi nyumba ya baba, na kaka mkubwa naye ana fungu lake. Binti mila ilimnyima ardhi, na hilo nitalirudia. Kwa hiyo kijana anapofika kwa mmishonari na begi moja mkononi, kabla hatujapiga makofi tungeuliza: kihamba cha baba yake kinalimwa na nani msimu huu?

Mara nyingi kitongoji kizima kinalijua jibu. Mama amezikwa kando ya baba, matanga yamekwisha, ukoo umekaa. Baba mdogo amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, muhtasari umeandikwa na kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Hadi hapo hakuna kosa. Lazima mtu asimamie. Lakini msimamizi anatakiwa kurudi mahakamani ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na orodha ya mali, kisha hesabu ya alivyoigawa. Asiporudi, nani atamfuata? Mtoto wa kidato cha kwanza?

Ardhi ya mlimani imebanwa. Vihamba vimegawanywa baba kwa mwana hadi vingine havifiki ekari moja, na kila mgawo unamfanya jirani aukodolee macho mpaka. Isale, mmea unaopandwa mpakani, linasogea kidogo kidogo. Kahawa inang'olewa kupisha msingi wa nyumba ya kupangisha. Kijana angekuwapo, angeona na kuuliza. Akiwa kwa wamishonari, haoni wala haulizi. Kikulacho ki nguoni mwako: wakati mwingine anayemshika kijana mkono na kumpigia hodi mmishonari, akieleza kwa uchungu kwamba mtoto huyu hana mtu, ni huyo huyo baba mdogo.

Sheria haikulala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Hapo ndipo binti anaporudi: alichonyimwa na mila, Bunge limemrudishia. Kinachokosekana ni mtu mzima mmoja wa kusimama mahakamani upande wa mtoto.

Wazo la misheni kumpa yatima nyumba mpya lilikuwa na maana yake mahali pake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walilea watoto waliokombolewa utumwani, walioswagwa mamia ya maili kutoka vijiji ambavyo wengine hawakuweza hata kuvitaja. Watoto wale kweli walipokonywa kwao. Mtoto wa Old Moshi ambaye kaburi la baba yake liko mwendo wa dakika chache kutoka kanisani si wa hadithi hiyo.

Na aliyeuelewa mlima huu kuliko wamishonari wengi alilijua jambo hilo. Bruno Gutmann, Mjerumani wa Misheni ya Leipzig, alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akahudumu Old Moshi miaka mingi, na mwaka 1926 akatoa kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga. Alishikilia kwamba kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika, lisimng'oe mtu humo. Alikosea alipoupamba ukoo kupita kiasi, akawaona kwa mbali mno wale ambao ukoo huwaumiza. Hata hivyo swali lake, mtu huyu ni wa nani, ndilo tuliloacha kuwauliza yatima.

Najua jibu litakalokuja: kuna nyumba za mashangazi ambamo yatima ni mtumishi asiye na mshahara, anaamka wa kwanza, anakula wa mwisho, na fimbo haimkosi. Ni kweli. Mtoto wa namna hiyo aondolewe leo, na kama kitanda kilicho salama kiko kwa mmishonari, alale huko, afisa ustawi wa jamii akiwa na taarifa. Lakini kitanda ni cha usiku. Kijana wa miaka 16 amebakiza miaka miwili sheria iache kumwita mtoto. Vibali vya kuishi huisha, wafadhili huchoka, wamishonari huitwa makwao. Siku hiyo atashuka Moshi mjini na cheti cha kidato cha nne na Kiingereza kizuri, akatafute chumba cha kupanga, ilhali mtu mwingine anavuna ndizi za baba yake.

Mmishonari anayempenda kijana huyo kweli atamtafutia wakili kabla ya kumnunulia baiskeli. Ataomba nakala ya muhtasari wa ukoo na fomu za mirathi, atahakikisha cheti cha kifo kimechukuliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na Krismasi, Wachagga wengi wanapopanda nyumbani, atampandisha kijana wake naye akasimame kihambani, majirani wamwone. Naye mchungaji au padre aliyemzika mama ana neno la kusema kuliko mgeni yeyote, maana baba mdogo ni msharika wake. Amwite ofisini mwezi wa tano baada ya kuteuliwa kuwa msimamizi, amwulize mbele ya wazee wa kanisa: hesabu ya mali ya watoto iko wapi? Asipokuwa nayo, kanisa liandamane na watoto hadi Mahakama ya Mwanzo likaombe msimamizi mwingine.