Difenda Imerudi, Lakini Je, Ndiyo Ile Ile?

Mwezi huu nawaletea habari za gari. Akina dada, msifungue ukurasa mwingine kwanza! Gari lenyewe nusura livuruge nyumba ya watu ninaowafahamu, na kisa chao kinamhusu kila anayeweka akiba na mtu mwingine.

Naizungumzia Land Rover Defender. Kama umekulia Tanzania huhitaji kuonyeshwa picha. Ni lile gari la pembe pembe, bapa kama kabati, ambalo polisi walilitumia mpaka jina likawa kitisho: "Angalia, utapandishwa difenda!" Hata siku polisi wakija na Land Cruiser, mtaani bado utasikia difenda imekuja. Ni magari mangapi yamepata heshima hiyo?

Historia yake ni ya kupendeza. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Jina la Defender lilikuja baadaye sana, mwaka 1990. Tarehe 29 Januari 2016, kiwanda cha Solihull kikatoa ya mwisho, baada ya kutengeneza zaidi ya milioni mbili za ukoo huo. Sheria mpya za usalama na za moshi zilikuwa zimeibana. Wapenzi wake wakaomboleza kama wamefiwa.

Halafu, Septemba 2019, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, ikarudi. Jina lile lile, tairi la akiba bado liko mgongoni. Sasa inatengenezwa Nitra, nchini Slovakia, na jamani, ni bomba! Ya zamani ilikuwa inavuka maji ya kina cha sentimita 50, hii mpya inakwenda mpaka 90. Ndani kuna skrini, kuna viti vya kistaarabu, kuna kiyoyozi kinachofanya kazi kweli.

Ila fungua boneti umuite fundi wa Kibondo. Ya zamani, hasa zile za injini ya Tdi, hazikuwa na kompyuta kwenye injini. Pampu ya dizeli ilifanya kazi kimakenika, bodi imefungwa kwa boliti na ribiti juu ya chesisi. Fundi mwenye spana, nyundo na akili timamu alikaa chini ya mwembe akaimaliza kazi. Mpya haina chesisi ya kutenganishwa na bodi, ni kitu kimoja, na mambo mengi yanaamriwa na kompyuta. Ikigoma porini, spana peke yake haitoshi, inabidi uwe na mashine ya kuiuliza inaumwa nini. Jina limerudi, lakini lile lililofanya watu wa shamba waipende halikurudi nalo.

Sasa nije kwenye kisa. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kibondo, na shosti wangu mmoja, muuguzi, akaja kunitembelea akiwa amenuna. Yeye na mumewe wana akiba ya miaka minne kwa ajili ya kiwanja. Shemeji ananunua asali na maharage vijijini, anakwenda Kifura, anakwenda Mabamba hadi karibu na mpaka wa Burundi. Basi akasikia kuna Defender 110 kuukuu, Tdi, inauzwa mjini. Shemeji kazimika! Halali, anaota usukani. Anataka akiba yote iende huko.

Shosti alikuwa na hoja zake. Barabara kuu siyo ile ya zamani, mradi wa lami wa kutoka Kabingo kupita Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi, umebadilisha safari za huku. Kwa nini wasinunue Probox, inywe mafuta kidogo, na kiwanja kilipiwe? Shemeji naye akajibu kwamba maharage hayalimwi juu ya lami. Masika akiingia njia za ndani, Probox inabaki kwenye matope na yeye anabaki na hasara. Kusema kweli wote walikuwa na haki, ndiyo maana ugomvi ulikuwa mkali.

Nikamuuliza shosti, umewahi kumuuliza mumeo anaipendea nini hasa? Akanitazama kama nimeuliza kichekesho. "Wanaume na magari, kuna la kuuliza?"

Jioni hiyo akamuuliza. Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa Land Rover 109, zile ndefu, enzi ambazo vijijini huku gari moja lilikuwa basi, lori na ambulensi kwa wakati mmoja. Shemeji alikuwa akipanda nyuma siku za likizo, na kila kijiji walichopita watu walimsalimia baba yake kwa jina. Miaka sita ya ndoa, na mkewe hakuwahi kulisikia hilo. Shosti anasema hasira zote zilimwisha. Pesa ilibaki ile ile, lakini sasa walikuwa wanazungumza kitu cha kweli.

Hapo ndipo ninapotaka uweke alama, msomaji wangu. Tunapokitamani kitu kilichorudi, iwe gari au mpenzi wa zamani aliyekutumia ujumbe usiku wa manane, mara nyingi tunalotamani ni maisha yetu ya wakati ule. Gari linaweza kurudi kutoka Slovakia, lakini baba harudi na umri wa miaka kumi haurudi. Na huyo ex aliyerudi na suti mpya na maneno laini, uliza kwanza kama kile ulichompendea bado kipo, au ni jina tu limerudi juu ya chesisi nyingine.

Kuna na hili. Wakati dunia inaishangilia Defender, mitaani Kibondo inapita Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Ukoo huo wa 70 ulianza 1984. Kwao Japani waliacha kuiuza 2004, wakairudisha kwa muda mfupi 2014, wakairudisha tena Novemba 2023 na watu wakapiga makofi. Huku kwetu haikuwahi kuondoka. Tangu wakimbizi wa Burundi walipopokelewa miaka ya 1990, mashirika yameitumia kwenye njia za kambini, masika na kiangazi. Hakuna aliyeiandalia sherehe, maana anayebaki hapigiwi makofi. Angalia nyumbani kwako, pengine kuna mkonga wako aliyekaa miaka yote, anachemsha chai kila asubuhi, na wewe macho yako barabarani.

Kama bado umeshikilia kununua Defender ya zamani, sikuzuii. Ila usidanganywe na rangi. Bodi ni aluminiamu, haili kutu kama chuma, lakini chesisi ni chuma na inaliwa kimya kimya. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo, hasa sehemu ya nyuma. Mafundi wana utani wao, kwamba Land Rover isiyovuja oili basi oili imekwisha, kwa hiyo tone mbili tatu zisikutishe, dimbwi likutishe. Na kabla ya yote, andikeni safari zenu za mwezi mmoja: ngapi za lami, ngapi za tope, ngapi za kwenda harusini kuonekana. Karatasi hiyo itawaamulia mambo mengi kuliko kelele.

Shosti na shemeji waliandika yao. Wakakubaliana kiwanja kilipiwe kwanza, na hati iandikwe majina yote mawili. Hilo la majina shosti hakulilegezea hata chembe, na mimi namuunga mkono mia kwa mia. Mapenzi ni mapenzi, lakini hati ni hati. Kinachobaki ndicho kianze akiba ya gari. Ile Tdi ilinunuliwa na mtu mwingine. Shemeji alinuna wiki nzima, hakuna aliyemkataza. Juzi shosti kanipigia simu, anasema wameanza kuweka tena, na safari hii anaweka naye kwa moyo mmoja, maana sasa anajua gari hilo ni la nani.

Wewe je, mwenzako anatamani nini ambacho hujawahi kumuuliza sababu yake? Muulize leo, kabla ya kugombania bei.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni!