Kiharusi kikimpata asiye na mwajiri

Ukiwa mwajiriwa ukaugua kiharusi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Sasa mfikirie mama wa Kasingirima anayefuata dagaa Kibirizi alfajiri na kuwauza Ujiji. Yeye ana siku ngapi? Hana hata moja.

Ndiyo maana wengi hurudi kazini mapema mno. Wengine, wakiona mkono umeanza kupata nguvu, huacha dawa za presha ili kubana matumizi. Hilo ni kosa kubwa. Mkono kupata nafuu si presha kupona, na kiharusi cha pili mara nyingi huwa kibaya kuliko cha kwanza.

Kama ni wewe, anza mazoezi ya viungo mapema kwa maelekezo ya mtaalamu, kwani nafuu kubwa hupatikana katika miezi ya mwanzo. Rudi kazini kidogo kidogo: saa mbili tatu kwa siku, umekaa, ndoo abebe mwingine. Ubongo nao huchoka, hesabu zikapotea. Mwanao aandike mauzo. Mvuvi na dereva wa bodaboda wasirudi ziwani wala barabarani kabla daktari hajawapima.

Nanyi wanafamilia, msimwite mgonjwa mvivu. Uchovu na huzuni ni sehemu ya ugonjwa huu, na vina tiba. Mwambieni daktari.

Udhaifu ukibaki, fahamu kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Lakini mkopo haununui muda wa kupona. Sisi ni wepisi wa kuchanga msibani. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vingeweza kumchangia mwenzetu angali hai, apumzike miezi mitatu bila watoto kulala njaa.

Na ukiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.