Sifa za santuri zetu zisingoje wageni





Bendi ya Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970. Wanamuziki wake, ambao baadhi walitoka nchi nyingine, walichanganya roki na midundo ya ngoma za Kiafrika, na mtindo wao wakauita Kitoto. Santuri yao ndefu ya kwanza, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976 bendi ikiwa Zambia. Haikufuatwa na ya pili. Wakati ule Radio Tanzania ilirekodi bendi nyingi, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri.

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London iliitoa upya santuri hiyo, pamoja na nyimbo nyingine za bendi hiyo za tangu 1973. Waandishi wa muziki wa Ulaya wakaisifu. Miaka 40 ilikuwa imepita! Sina ugomvi na Waingereza hao, kwani wamefanya kazi njema. Ninalouliza ni hili: kwa nini kazi hiyo tusiifanye sisi?

Wapo watakaosema kuwa roki ni kelele za wageni. Nawakumbusha kwamba gitaa la dansi nalo lilitoka ng'ambo, lakini hakuna anayesema Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz hawakuwa wa kwetu.

Hapa Rusumo mpakani, wanafunzi wanajua nyimbo za Dar es Salaam na za Kigali pia. Ukiwauliza, kila wimbo ni "mzuri" au "mbaya" tu. Ukiuliza sababu, wananyamaza. Si kosa lao, maana hawajapata kusoma mahali panapoeleza kwa Kiswahili gitaa limefanya nini, au maneno yamepangwaje.

Kwa hiyo napendekeza magazeti ya Kiswahili yatenge safu kila juma ya kuhakiki muziki mpya na wa zamani, kusifu penye sifa na kukosoa penye kasoro. Nayo TBC, inayotunza kanda za Radio Tanzania, izipige hewani pamoja na maelezo ya nani alipiga na mwaka gani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tusiwaachie wageni kazi ya kutunza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rusumo, Ngara.