Ziara ya Tabora ianzie Isaka

Mhariri,

Vikundi vya huku Kahama vikipanga ziara, vinakodi basi kwenda Ngorongoro. Mimi nasema Tabora, na kwa treni.

Pale Mtemi Isike wa Unyanyembe aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani, Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake. Septemba 1916 askari wa Kongo chini ya Wabelgiji walipigana Usoke na Lulanguru, kandokando ya reli ya Kigoma, na tarehe 19 Tabora ikaanguka. Vita ile ilifuata reli. Ukipita kwa basi huielewi vizuri.

Ila mipango ianze na ratiba. Treni ya abiria ya Mwanza haipiti Isaka kila siku, basi chagueni kwanza siku ya kurudi, ndipo mhesabu usiku wa kulala. Kikundi kikate tiketi pamoja mapema, wazee wapewe vitanda vya daraja la pili. Nyumba ya wageni iwe karibu na stesheni, tena yenye mlinzi wa kuwafungulia, maana treni inaweza kuwashusha usiku wa manane. (Mweka hazina wenu atataka ya bei rahisi kule pembeni. Mkatalieni.) Usoke na Lulanguru kodini Hiace ya siku moja.

Sisi wa Buzwagi, tangu uzalishaji wa dhahabu ukome 2021, tunahimizwa kubuni biashara mpya. Kuongoza wageni nayo ni kazi.

Msomaji wako,
Buzwagi, Kahama