Mshipa wa ubongo wenye hitilafu: Usikimbilie upasuaji, uliza kwanza

Mtoto ameanguka shuleni, akapelekwa hospitali na kupigwa picha ya kichwa. Jeraha ni dogo, lakini picha imeonyesha jambo jingine: ndani ya ubongo kuna fundo la mishipa ya damu lisilo la kawaida. Mzazi akishusha pumzi, swali lake la kwanza huwa, “Daktari, atafanyiwa upasuaji lini?”

Kwa kawaida damu hutoka kwenye ateri, ikapita kwenye vimishipa vyembamba sana na kupungua nguvu, ndipo ikaingia kwenye vena. Katika hitilafu hii vimishipa hivyo havipo. Damu huingia kwenye vena moja kwa moja ikiwa na nguvu, hivyo mshipa unaweza kupasuka na damu kuvujia ubongoni. Hicho ni kiharusi. Hata hivyo, wapo wanaoishi na fundo hilo miaka mingi bila kujua.

Je, ambalo halijapasuka liondolewe? Ukiwatazama wagonjwa wa hospitali kubwa pekee, utaona zaidi wale waliozidiwa. Ndiyo maana watafiti wa Scotland, akiwamo Profesa Rustam Al-Shahi Salman wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walianza mwaka 1999 kuwatafuta watu wazima wa nchi nzima waliogundulika na hitilafu hizi, kisha wakawafuatilia kwa miaka.

Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalihusu watu 204 ambao fundo lao halikuwa limepasuka. Kati yao, 103 walitibiwa kwa upasuaji, mionzi au kuzibwa mishipa; 101 hawakuguswa. Katika miaka 12, kiharusi au kifo kilichotokana na fundo hilo au tiba yake kilitokea mara 38 kwa waliotibiwa na mara 14 kwa wasioguswa.

Watu hao hawakupangwa kwa kura, hivyo makundi hayakufanana kila kitu. Lakini utafiti mwingine uliowapanga wagonjwa kwa kura, ambao matokeo yake yalitoka mwaka huohuo, nao ulionyesha kuwa tiba ilileta madhara zaidi katika miaka ya mwanzo.

Mzazi asichukue takwimu hizi kama jibu la mwanaye. Waliofuatiliwa Scotland walikuwa na miaka 16 na kuendelea. Mtoto ana miaka mingi zaidi mbele yake ya kuishi na hatari hiyo. Na fundo lililokwisha kuvuja damu ni habari nyingine, kwa kuwa linaweza kuvuja tena.

Kwa hiyo muulize daktari: Limewahi kuvuja? Lipo sehemu gani ya ubongo? Tukitibu, hatari ni ipi? Tukisubiri, je? Atapigwa picha tena lini? Omba pia maoni ya daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kabla ya kukubali au kukataa.

Lakini mtoto akiumwa kichwa ghafla kwa ukali usio wa kawaida, akitapika, akipata degedege bila homa, akilegea upande mmoja, akishindwa kuongea au akipoteza fahamu, usisubiri kukuche. Usimpe aspirini. Mwahishe hospitali, na kama alishapigwa picha ya kichwa, ibebe.