Wauza dagaa wajifunze kwa vijana wa Nairobi

Ukisimama asubuhi katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ushauri ambao wauza dagaa hupeana mara kwa mara ni mmoja: punguza gharama, shusha bei, mzigo uondoke. Kwa mtu mwenye marejesho ya mkopo kila wiki, ushauri huo una mantiki. Lakini tunaona una kasoro kubwa, na mfano wake uko mbali na mialo yetu, katika ofisi za kompyuta za Nairobi.

Kwa zaidi ya miaka 20 kampuni za Marekani na Ulaya zimekuwa zikipeleka kazi za kompyuta kwenye nchi zenye mishahara midogo. India ilitangulia, Kenya nayo ikapata sehemu yake. Kampuni ya Sama iliajiri vijana Nairobi kuchambua maandishi na picha kwa niaba ya wateja wakubwa wa Marekani. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba waliofanya kazi hiyo kwa ajili ya OpenAI, wenye programu ya ChatGPT, walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mwezi huohuo Sama ikatangaza kuacha kazi ya kukagua yanayowekwa Facebook, na vijana wapatao 260 wakaambiwa ajira zao zimefika mwisho. Kazi yenyewe haikufa. Ilihamia kwa kampuni nyingine.

Vijana wale hawakuwa wavivu wala hawakukosa elimu. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa rahisi, na anayekununua kwa urahisi wako hana sababu ya kubaki nawe akimpata aliye rahisi zaidi.

Linganisha na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Wakati wa majaribio lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Wateja wenyewe wakaanza kutumiana fedha, na wenye mradi wakaliona hilo wakalifuata. Thamani ilipatikana kwa kutazama mteja anahangaika na nini. (Aliyewahi kumkabidhi kondakta wa basi bahasha ya fedha za nyumbani anajua hangaiko lenyewe.)

Turudi ziwani. Kuanika dagaa mchangani hakuhitaji mtaji. Lakini dagaa hao hushika mchanga, mvua ikinyesha huoza, na wengi huishia kusagwa kuwa chakula cha kuku. Mwenye kiwanda cha chakula cha kuku hatafuti dagaa wako. Anatafuta protini ya bei ndogo. Kesho akipata soya au mashudu kwa nafuu, anakuacha kama vijana wale walivyoachwa. Dagaa wa kichanja hukauka juu na chini, hana mchanga, na ndiye ambaye mama wa nyumbani na mnunuzi anayepeleka Kongo wako tayari kumwongezea bei.

Tuseme kichanja cha miti na nyavu kuukuu kinagharimu sh 200,000, kinakausha kilo 20 kwa siku, na mnunuzi anaongeza sh 500 kwa kila kilo. Hizo ni sh 10,000 kwa siku. Siku 20 za jua zinarudisha fedha yako. Weka bei za mwalo wako uhesabu upya, na usisahau kuondoa siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani. Hata ikichukua miezi mitatu, bado inalipa.

Lipo jambo ambalo mchuuzi peke yake haliwezi. Gunia moja likichanganywa dagaa wa kichanja na wa mchangani, mnunuzi huwapa wote bei ya mchangani, na aliyegharimia kichanja anaona alipoteza fedha bure. Hapo vikundi vya usimamizi wa mialo visimame imara, magunia yatenganishwe na kukaguliwa kabla ya kupakiwa.

Halmashauri za kando ya ziwa nazo hutoza ushuru mialoni. Tunashauri sehemu ya ushuru huo irudi kama vichanja, na wanawake, ambao ndio wengi katika uanikaji, wafikiriwe mapema katika mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ili vichanja viwe vimesimama kabla mvua za vuli hazijaanza.